Kiambatisho cha Arobaini na Moja

Hrachya aliingia ofisini kwangu, Yerevani,
theluji mabegani, faili la plastiki kwapani.
"Nataka kufungua benki," akasema,
kama mtu anayeagiza kahawa.
Nikamtajia bei yangu kwa saa.
Hakupepesa jicho. Akavua koti.

Miaka ishirini na sita ameuza jibini na mbegu za viazi
kule Gyumri, mji wa mawe meusi,
na viganja vyake bado vinanuka maziwa.

Kazi yangu ni kufuta maneno.
Aliandika: "Tutawajali wakulima."
Nikaandika: uwiano wa ukwasi.
Aliandika: "Mtu akikwama, tutamsubiri."
Nikaandika: sera ya mikopo chechefu, sehemu ya tatu.
Aliandika: "Watu wananijua."
Nikamtuma polisi akalete cheti
kwamba hata wao wanamjua, na hawana neno naye.

Miezi minane. Wanahisa saba:
binamu wawili wapaka rangi wa Rostov,
daktari wa meno, mjane mwenye kiwanda cha soksi,
na wengine ambao kila nilipouliza "pesa hii ilitoka wapi?"
walinitazama kana kwamba nimewapekua mifukoni.
Nilikuwa nimewapekua mifukoni.
Ndiyo maana ya ushauri.

Kisha tukafika ukurasa wa tisa:
*Eleza chanzo cha mtaji wa mwanzilishi.*
Akanyamaza. Akavaa koti, akaondoka.

Kesho yake alileta daftari la shule,
jalada la kijani, pembe zimeguguwa na panya.
La mama yake, Arpik. Lilianza majira ya baridi
yaliyofuata tetemeko, wakiishi ndani ya kontena la chuma:
*Misumari, kilo mbili. Mafuta ya taa. Rubli kumi.*
Jina, tarehe, deni.
Kando ya majina mengine, msalaba mdogo.
Na chini ya msalaba, malipo yanaendelea
kwa mwandiko mwingine:
*dada amelipa tatu. Jirani, mbili.
Mtoto wake, moja, ameleta mwenyewe.*

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo isemwavyo.
Hawa walikopa wakiwa matangani,
na kulipa wakalipia hukohuko.

"Hii si hesabu iliyokaguliwa," nikamwambia.
"Najua."
"Haina mhuri."
"Najua, Bi Nvard."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini kanuni, nimezisoma zote,
hazina kifungu kuhusu mali iliyopotea yote,
daftari likabaki.

Saa tano za usiku nilikuwa bado nasimama kwenye mashine,
natoa nakala ukurasa kwa ukurasa.
Nikaipa namba: kiambatisho cha arobaini na moja,
baada ya ramani ya kuba, kabla ya bima.
Saa ile nilimtoza. Kazi ni kazi.

Benki Kuu ilirudisha maswali sitini na matatu:
kompyuta, kufuli, utakatishaji wa fedha,
shemeji wa mkurugenzi wa pili anafanya kazi gani.
Juu ya arobaini na moja, kimya.
Tukajibu. Yakaja kumi na tisa mengine.
Hrachya akauza gari moja la jibini, kisha la pili,
akawa anakuja kwangu kwa basi.

Leseni ilitoka Machi. Karatasi moja,
nyepesi kuliko risiti zangu.
Aliishika kwa ncha za vidole, akihofia maziwa.

Walirudisha na sanduku letu la nakala.
Jioni nikalifungua, nikitafuta klipu zangu tu.
Ukurasa wa tatu wa daftari,
kando ya msalaba, chini ya *ameleta mwenyewe,*
alama ya vema, ndogo, ya penseli,
ile wanayoweka wakaguzi jumla ikikubali.

Mtu fulani, ghorofani kule, alikaa akajumlisha.

Nikavuta kiti. Nikatafuta kikokotoo.